Kipupwe cha Moiben: Jinsi ya Kustarehe Pikipiki Ikiwa Imelala Sebuleni

Mwendesha pikipiki wa Ujerumani ana raha moja ambayo hatujamwonea wivu wa kutosha. Kwao kuna namba za usajili za msimu. Pembeni mwa kibao cha namba huandikwa mwezi wa kuanza na mwezi wa kumaliza, tuseme 03 juu na 10 chini, na Novemba ikiingia hana ruhusa ya kuitoa pikipiki barabarani. Kodi na bima analipa kwa miezi hiyo iliyoandikwa tu. Yaani serikali imemwambia apumzike, naye kwa utiifu anaifunika pikipiki shuka, anashuka kwenye karakana yenye taa nyeupe na kipasha joto, na hadi Machi anachonga vibanda vya ndege. Ukimuuliza, atakwambia ana hobi ya majira ya baridi.

Nasi waendesha bodaboda wa Moiben, kaunti ya Uasin Gishu, tuna majira ya baridi. Vitabuni yanaitwa kipupwe, hapa kwetu yanaitwa Julai. Mvua huanza mwisho wa Machi, watu wakapanda mahindi, nasi tukasema itapita. Juni inaleta baridi. Julai na Agosti inanyesha kila alasiri, siku nyingine ya mawe, na uwanda huu ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari unakuwa uji ambao mpishi ameuacha mekoni akaenda harusini. Tofauti ni kwamba namba zetu hazina mwezi. Kampuni iliyonikopesha pikipiki haijui kama kuna kipupwe. Ujumbe wake unaingia saa kumi na mbili asubuhi, kila siku ya Mungu, ukiniita "Mteja mpendwa". Hapa duniani hakuna mwingine anayeniita hivyo.

Kwa hiyo mwongozo huu si wa mtu aliyepewa likizo. Ni wa mtu ambaye barabara imemkatalia, deni limemkatalia, na anatafuta namna ya kuiita hali hiyo starehe.

Matope yetu yastahili heshima kabla hatujaendelea, kwa sababu yana historia. Mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini walipanda kutoka Nakuru na mikokoteni ya ng'ombe kuja kulowea uwanda wa Uasin Gishu. Njiani wakazama, wakakata miti na kuitandika chini ya magurudumu ili wapite. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, upande wa Meibeki, nami nilitandika matawi chini ya pikipiki yangu, Boxer. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na jozi kadhaa za ng'ombe wa kuvuta. Mimi nilikuwa na abiria mmoja, mwalimu, na siku hiyo alikuwa amevaa viatu vya ngozi.

Hatua ya kwanza ni kuilaza pikipiki. Wenzetu wa Ulaya wanashauri hivi: jaza tangi hadi juu lisishike kutu ndani, toa betri uiweke pakavu, inyanyue pikipiki tairi zisibonyee upande mmoja, kisha funika. Ni ushauri mzuri na tunaufuata, kwa marekebisho kidogo. Tangi langu sijawahi kuliona limejaa. Mafuta tunanunua ya shilingi mia mbili, siku ya neema mia tatu. Betri tunaitoa kweli, ila haiendi kupumzika: inachaji simu za nyumba tatu stima zikipotea, na Julai stima hupotea wingu likionekana tu upande wa Cherang'any. Kuhusu kufunika, turubai lililopo ni la kuanikia mahindi, na mama watoto analitunza kama hati ya shamba.

Pikipiki italala sebuleni. Hapa sitanii, uliza yeyote: ukiiacha nje, asubuhi utaamkia alama za tairi. Mgeni akija kwangu anakuta viti vinne, meza, picha ya harusi na Boxer. Watoto wanaandikia kazi ya shule kwenye kiti chake kwa sababu ndicho kipana kuliko meza. Usiipeleke jikoni. Petroli na meko hazijawahi kupatana.

Lakini kabla ya kuiingiza, chukua kijiti ukwangue matope yaliyoganda chini ya madigadi ya mbele. Yakikaukia hapo, asubuhi gurudumu halizunguki, na ukilazimisha utaanguka hata kabla hujatoka langoni, mbele ya majirani wenye mdomo. Toa plagi uifute, kausha kifuniko chake, ukipake grisi kidogo ili maji yasipate njia ya kuiba moto. Kisha osha cheni na kuipaka oili. Watu wengi hawaoshi cheni wakati wa mvua, eti itachafuka tena kesho. Ni kweli itachafuka. Ila matope yenye mchanga ni msasa, na huo ndio msasa wa kwanza utakaoumiliki katika safari yako ya useremala: unasugua cheni na sproketi usiku na mchana, tena bure.

Hatua ya pili ni kuchagua hobi. Kuna hobi za bei nafuu. Ya kwanza ni kusimama chini ya bati la duka, pale Moiben Posta, mikono kwapani, ukitazama mvua. Hobi hii haihitaji vifaa, na ukiijua vizuri unaweza kuitazama saa nne mfululizo huku ukisema "inapungua" kila baada ya dakika kumi. Ya pili ni siasa. Hiyo sitaieleza, kwa kuwa wenye kuijua hawasomi miongozo. Ya tatu ni kulala, ila mtu wa pikipiki akilala mchana mtaa mzima unakuja kuuliza hospitali gani.

Iko pia hobi ya kuwatazama wakimbiaji. Katika nchi hii yetu ya juu mvua haiwazuii. Saa kumi na mbili asubuhi utawaona wamejipanga, ukungu umewafika magotini, matope yamewapanda hadi mgongoni, wanapumua kama hawana habari. Eliud Kipchoge, ambaye kambi yake iko Kaptagat, alimaliza kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019. Piga hesabu: ni kama kilomita 21 kwa saa. Boxer yangu, Julai, ikiwa na abiria na gunia la mbolea, haifiki 15. Basi mwendesha bodaboda akipitwa na mtu wa miguu asione haya. Huenda amepitwa na bingwa wa dunia, na jambo hilo si kila mtu hubahatika nalo kabla ya chai.

Hobi iliyoniharibu mimi ni drafti. Steji yetu ilikuwa na ubao wa kadibodi, na kete zilikuwa vizibo vya soda. Mvua ikatupata, kadibodi ikayeyuka katikati ya mechi, na mzee mmoja aliyekuwa amebakiza hatua mbili ashinde alikaa kimya siku nzima. Nikajitolea kuchonga ubao wa kudumu. Nilipata kipande cha plywood, nikapima, nikapiga mistari, nikapaka rangi vyumba vyeusi kwa oili chafu. Kazi ikapendeza. Wakaucheza wiki mbili, mpaka kijana mmoja asiye na adabu alipokaa akahesabu akakuta una vyumba nane kwa tisa. Sabini na mbili! Na hii ni Uasin Gishu, ambako Eldoret yenyewe, kabla na baada ya kupewa hadhi ya jiji mwaka 2024, wenyeji wanaiita Sisibo, yaani 64, kwa kuwa ilianzia kwenye shamba namba 64. Mtu wa hapa anawezaje kukosea sitini na nne? Wote waliokuwa wameshindwa walidai mechi zirudiwe. Hadi leo wengine wananidai.

Hatua ya tatu, ya nne na ya tano nilikuwa nimeziandika kwenye daftari lililokuwa mfukoni siku mvua iliponikuta Tembelio. Zililoa. Tuendelee na ya sita.

Ya sita ni useremala wenyewe. Usiingie madukani kununua vifaa. Mwendesha bodaboda ana nusu ya karakana chini ya kiti chake, hajui tu. Jiriwa la kubanishia mbao zilizopakwa gundi ni ghali. Chana tyubu kuukuu upate blada ndefu, zungusha, vuta, funga, na hakuna jiriwa litakaloshika vizuri kuliko hivyo. Ni ile ile blada iliyofunga mitungi ya maziwa na mbuzi wa mkwe wako. Nyundo unayo. Patasi, ukikosa kabisa, bisibisi pana iliyonolewa kwenye jiwe itakufaa kwa wiki moja, kisha itakuchoma kiganja, ndipo utaenda kununua patasi. Vitu viwili tu usijidanganye navyo: msumeno na randa. Azima kwa fundi anayekudai nauli ya zamani au unayemdai wewe, yote sawa, kisha chelewa kurudisha.

Mbao ni kisa kingine. Tumezungukwa na miti, na Eldoret ina viwanda vya mbao na plywood tangu zamani. Wazee wanakumbuka mashamba ya miwati ya kampuni ya EATEC, yaliyotoa maganda ya kutengenezea ngozi. Lakini Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na marufuku hiyo ikaendelea hadi rais alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Katika miaka hiyo ukitaka saipresi ulikuwa ukiongea na muuzaji kama unayeomba mchumba. Mafundi wakageukia mikaratusi na grevilea za mashambani, na tabia hiyo imebaki. Mimi sisikitiki. Grevilea ina mawimbi mazuri ukiipiga randa, na jirani akiukata mti wake unamsaidia kubeba, unalipwa vipande.

Tatizo ni maji. Mbao ya Julai ni kama samaki, imetoka majini. Inafyonza unyevunyevu wa hewa na kunenepa, na jua la Desemba likija inapungua kwa upana, wala si kwa urefu. Ndiyo maana mlango uliotengenezwa msimu wa mvua unabana kama una kinyongo, na ifikapo Krismasi paka anapita kwenye ufa. Kitabu kitakwambia ukaushe mbao kwa miezi kadhaa, zikiwa zimepangwa kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite. Mimi nilizipanga sebuleni, juu ya pikipiki. Mama watoto alisimama mlangoni, akatazama viti vinne, meza, Boxer, na rundo la mbao lililofika kwenye picha ya harusi.

"Baba watoto," akasema, "sisi tutalala steji?"

Sasa utengeneze nini? Wanaoanza huanza na stuli. Huo ni uoga. Mimi nilianza na mzinga wa nyuki, kwa sababu nilisikia bei ya asali. Ng'ambo ya Iten, kwenye bonde la Kerio, watu wamekuwa wakitundika mizinga ya magogo tangu babu zao, na mwendesha bodaboda anayepeleka abiria huko hurudi na asali kwenye chupa na ndoto kichwani. Ila gogo ni kazi ya mwenye subira. Mimi nilitaka ule mzinga wa kisasa unaoitwa wa Kenya, uliobuniwa hapa nchini miaka ya 1970 kwa msaada wa Wakanada: sanduku pana juu na jembamba chini, kama hori la ng'ombe, lenye vibao vilivyolala juu vikigusana. Nyuki wanajenga sega moja chini ya kila kibao, na kwa kuwa kuta zimelala hawaligandishi sana pembeni. Ukitaka asali unainua kibao kimoja, unachungulia, unarudisha. Hakuna kuvunja nyumba ya mtu.

Siri yote iko kwenye upana wa kibao. Ni milimita 32. Nyuki wetu wa Afrika hupanga masega yao kwa nafasi hiyo toka sega hadi sega. Kibao kikizidi au kikipungua, hawalalamiki, hawaandiki barua, wanajenga tu kwa mshazari kutoka kibao hiki hadi kile, na siku ya kuvuna utainua vibao vinane kwa pamoja kama mkeka. Sikuwa na rula. Nilikuwa na spana. Hapa ndipo ninapowaomba maseremala waliosoma wavue kofia: mdomo wa spana ya 19 na mdomo wa spana ya 13 ukiipanga pamoja unapata 32. Nilichora vibao vyote kwa spana mbili, na fundi niliyemwazima randa alikuja kupima kwa tepu yake, akapima tena, akaondoka bila kusema neno. Sijawahi kupata sifa kubwa kuliko ile.

Bila shaka nilivikata Julai. Kufikia Januari kila kimoja kilikuwa kimekonda kwa milimita moja hivi, lakini tusiitangulie hadithi.

Onyo kuhusu simu. Kwa siku tatu nzima mvua inanyesha na hakuna abiria hata wa kulazimishwa. Siku ile unayopaka gundi, ukazungusha blada, ukashika kona mbili kwa mikono na ya tatu kwa goti, ndipo simu inaita. Ni mama wa maziwa, mitungi miwili, gari la kukusanya maziwa linaondoka. Ukisema huwezi, maziwa yatachacha, na kesho atampigia mwingine. Nikaenda. Niliporudi, baada ya kuanguka mara moja bila kumwaga, mzinga ulikuwa umekauka ukiwa umepinda upande wa kushoto, umbo la mtu anayesikiliza mlangoni. Niliuacha hivyo. Nyuki, nilijiambia, hawana pimamaji.

Kosa kubwa nililifanya mwishoni, na nakueleza ili usirudie. Mtu akishika pikipiki miaka mingi anaamini oili chafu inatibu kila kitu. Inazuia kutu, inafukuza mchwa, na ukipaka nguzo unazotundikia mzinga, siafu hawapandi. Hilo la mwisho ni kweli kabisa. Basi nami nikaona, kama nguzo inafaidika, mzinga wenyewe je? Nikaupaka wote, nje na ndani, makoti mawili. Uling'aa. Ukanuka gereji. Nikautundika kwa waya chini ya grevilea, juu kidogo nyegere asiufikie, nikapaka nta kwenye vibao jinsi inavyoshauriwa, nikakaa kungoja.

Kundi la nyuki lilikuja Septemba. Lilizunguka mara mbili. Likaenda kuingia kwenye ukuta wa choo cha jirani, ambako liko hadi leo na limestawi.

Nilipouteremsha mzinga ili niusugue kwa msasa, kuku mweusi alinitangulia. Aliingia upande ule uliopinda, akajipanga, akaanza kutaga, na alipofika mayai kumi na moja akayalalia. Wala harufu haikumsumbua, kwani kuku wetu naye analala sebuleni jirani na tangi. Nilitaka kumtoa. Mama watoto akanizuia kwa mwiko.

"Muache. Yeye hajauliza milimita."

Basi mwongozo ukahamia kwenye stuli, mahali ulipopaswa kuanzia. Stuli ya kukamulia ina miguu mitatu kwa sababu nzuri: sakafu ya zizi haina usawa, na miguu mitatu haichezi popote utakapoiweka, ya nne ndiyo huleta ugomvi. Toboa kwa keekee mashimo yaliyoelekea nje kidogo, ingiza miguu iliyokauka kwenye ubao ambao bado una unyevu, na ubao ukipungua utaibana miguu wenyewe bila msumari. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo maji ya Julai yanakusaidia, na nilipoigundua nilikaa chini nikacheka, juu ya stuli ya kwanza. Haikutikisika. Mzee wa drafti aliiona akataka moja. Mwalimu wa viatu vya ngozi akataka mbili, na akataka pia nimpunguzie kwa sababu ya Meibeki. Mama wa maziwa akachukua moja akasema tutahesabiana kwenye nauli.

Kwa hiyo mwezi wa Agosti uliofuata nilipata zaidi kwenye miguu mitatu kuliko kwenye magurudumu mawili, na ujumbe wa saa kumi na mbili asubuhi niliujibu kwa mara ya kwanza nikiwa nimekaa vizuri. Oktoba mahindi yakikauka barabara itarudi, na magunia, na abiria, na sitakuwa na muda wa kumjibu mtu kuhusu mbao. Mwenye kutaka stuli aagize sasa. Moja ni shilingi mia sita. Ukija kuichukua, njoo kwa miguu.